Kabla Bikoni Haijazikwa: Vibali vya Ujenzi na Usalama wa Barabara Zetu Tabora

Hotuba kwa mkutano wa wakazi, Manispaa ya Tabora

Mwangaluka!

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, mheshimiwa diwani wetu, watendaji, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wa bodaboda mlioegesha chini ya mwembe na bado injini zinanguruma: ahsanteni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie maombi ya viwanja na ujenzi, na yanavyohusiana na ajali zetu za barabarani. Mwenyekiti aliponiletea barua aliongeza kwa mdomo, "Mzee, watu wenyewe wanataka matuta tu." Najua. Sijawahi kuhudhuria mkutano wa mtaa pasisimame mtu akadai matuta. Nitafika huko. Lakini kwanza nataka niwarudishe kwenye meza ambako barabara huchorwa, kwa sababu barabara inayotuua leo mara nyingi iliruhusiwa iwe hivyo na kikao chenye muhtasari na mhuri, miaka kadhaa kabla mtoto wa mtu hajagongwa.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 227,000 katika manispaa hii. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 308,000. Watu hao elfu themanini hawakuja kulala stesheni. Wamenunua viwanja, wakajenga vyumba viwili, wakaongeza cha tatu, wakaweka fremu za maduka mbele, wakapangisha. Wakati huohuo barabara zetu kubwa zimepata lami: ya Nzega, ya Itigi hadi Manyoni, ya Sikonge kuelekea Mpanda, ya Urambo na Kaliua. Wenye umri wangu mnakumbuka basi la Nzega lilivyokuwa likinasa masika, abiria wanashuka kusukuma na viatu mkononi. Tope lile lilitutesa kwenye biashara, lakini lilizuia mwendo. Leo lori linafika ukingoni mwa mji likiwa bado lina kasi ya porini, na sisi nyumba zetu tumezisogeza hadi ukingo wa lami kulipokea.

Sasa, uamuzi unafanyikaje? Wengi hapa mnadhani kibali cha ujenzi ni karatasi ya kulipia, kama risiti ya maji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inasema kwamba ndani ya eneo la mpango mtu haendelezi ardhi bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, na mamlaka hiyo kwetu ni halmashauri. Unapeleka michoro ya jengo, nakala ya hati, risiti za kodi ya ardhi. Siku hizi maombi yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa hiyo hata kijana wako anaweza kukujazia kwa simu. Wataalamu wanapitia kila mmoja kwa upande wake. Wa mipango miji anaangalia matumizi na mipaka. Mhandisi anaangalia nondo na msingi. Bwana afya anaangalia choo na shimo la maji machafu. Jengo likiwa kubwa, zimamoto nao wanatoa neno. Mambo mazito, yaani michoro ya maeneo mapya na maombi ya kubadili matumizi ya kiwanja, yanafika kwa waheshimiwa wenyewe, kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha Baraza la Madiwani.

Rudieni orodha hiyo kichwani. Nani kati ya hao ameulizwa gari litatokaje pale getini? Nani ameulizwa wanafunzi wa shule ya jirani wanapita upande gani saa moja kasorobo asubuhi?

Zamani swali hilo lilikuwa na mwenyewe. Halmashauri ilikuwa na mhandisi wake wa barabara za mji, na mtu wa mipango miji akiwa na shaka na mchoro alitoka na karatasi yake kwapani akaenda chumba cha pili. Mwaka 2017 ukaundwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ukazichukua barabara hizo. Barabara kuu na za mkoa zilikuwa tayari kwa wakala mwingine, TANROADS, tangu mwaka 2000. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Fedha za barabara kukaa mahali pamoja kuna faida zake, na walioona greda la halmashauri limekaa juu ya mawe mwaka mzima wanajua ninachosema. Lakini matokeo yake ndiyo haya: anayegawa viwanja si mwenye barabara, na mwenye barabara hakai kwenye kikao cha viwanja mpaka aitwe. Mwananchi akilalamika, halmashauri inamwambia hiyo ni barabara ya TARURA. TARURA wanamwambia ile kubwa ni ya TANROADS. TANROADS wanamwambia suala la mwendo ni la polisi. Polisi wanamwambia nyumba ile ilipewa kibali na halmashauri. Unapigwa danadana mpaka soli ya kiatu inaisha, na kila uliyemwuliza amekujibu ukweli mtupu.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwako, mheshimiwa diwani, ni dogo na halina bajeti. Mchoro wowote wa viwanja vipya, na ombi lolote la kubadili matumizi ya kiwanja kinachopakana na barabara ya lami, lisipite kwenye kamati bila maoni ya maandishi ya mwenye barabara. Barua yenye sahihi, ikiwekwa kwenye faili. Maneno ya kwenye simu kwamba "nimeongea na meneja, hana tatizo" hayatoshi. Siku ikitokea ajali tutajua nani aliona na nani hakuona.

Niwaonyeshe kitu kimoja cha karibu, kila mtu anaweza kwenda kukitazama akitoka hapa. Tafuteni kiwanja cha kona kilichopimwa. Kwenye ramani ya upimaji, ncha ya kiwanja hicho, pale njia mbili zinapokutana, haikuachwa kali. Imekatwa. Badala ya bikoni moja, yaani jiwe la mpaka, kwenye ncha kuna bikoni mbili, na mstari mfupi wa mshazari unaziunganisha. Wanunuzi wengi huwa wakali wakiona hivyo: "Mbona mmenipunguzia kiwanja?" Kile kipande kilichokatwa ni cha macho. Dereva anayetoka njia ndogo akifika pale anaona mkono wa kulia na wa kushoto kabla pua ya gari haijaingia barabarani. Mwendesha baiskeli anayekuja naye anamwona.

Tukishajenga tunafanya nini? Bikoni moja inang'olewa usiku au inazikwa chini ya kifusi. Ukuta wa tofali unapandishwa hadi ncha kamili, futi nane kwenda juu, na juu yake chupa zilizovunjwa. Baada ya mwaka ile kona inageuzwa fremu ya duka, maana kona ndiyo biashara, na mbele ya fremu linakuja kontena la wakala wa miamala, na mbele ya kontena meza ya chipsi. Sasa dereva haoni kitu hadi awe ameingiza nusu ya gari barabarani. Tukisikia mtu amegongwa pale tunasema kona ile ina mkosi. Haina mkosi wowote, ina ukuta.

Hesabu yake mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, unalipeleka gari karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva mzima, asiye na simu mkononi, anatumia kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi mguu ukandamize breki. Zimeshakwenda mita 21 na gari bado halijaanza kupunguza. Kutoka nilipo mimi hadi kule ziliko zile pikipiki sidhani kama zinafika mita 21. Akiwa kwenye 80, kabla ya breki kushika amekwisha kula mita 33. Kona iliyozibwa inakuonyesha mita tano au sita. Hapo hakuna dereva mzuri wala dereva mbaya.

Nikiwa kwenye kazi hii ya viwanja na vibali niliona kamati zikifikiri zina majibu mawili tu, kukubali au kukataa. Kukataa ni kugumu. Mwombaji ni mpiga kura, amekopa, mabati yameshanunuliwa, na pengine ni shemeji wa mtu. Wanamwonea huruma, wanasema funika kombe mwanaharamu apite, wanakubali. Lakini lipo jibu la tatu ambalo sheria inaliruhusu nalo halitumiki inavyopaswa: kukubali kwa masharti. Na masharti ya usalama barabarani ni rahisi kuliko ya nondo. Geti lirudi ndani mita tano kutoka kwenye mpaka, ili gari lisimame likisubiri kufunguliwa bila kuacha mkia barabarani. Mlango wa magari uwe upande wa njia ndogo, usiwe wa barabara kubwa. Ukuta wa kona usizidi kimo cha kiuno, au juu yake uwe wavu. Wapangaji waegeshe ndani. Kokoto na mchanga wa ujenzi vishushwe ndani ya kiwanja. Hili la kokoto dogo mnalicheka, lakini fikirini bodaboda anayekutana na lundo la kokoto saa mbili usiku, taa za barabarani hakuna.

Sharti bila ukaguzi ni maneno tu, naelewa. Wakaguzi ni wachache na gari la ofisi halina mafuta. Lakini mtaa una macho mengi. Kibali ni hati ya ofisi ya umma. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuomba nakala ya masharti ya kila jengo linaloanza katika mtaa wake, akayaweka kwenye faili, akamtembelea fundi siku ya kuchimba msingi. Siku ya msingi, nasisitiza. Ukuta ukishafika kwenye linta hakuna mwenye moyo wa kuandika BOMOA kwa rangi nyekundu, na mwenye moyo huo atapigiwa simu na mkubwa wake kabla rangi haijakauka.

Kwenye barabara kuu na za mkoa mambo ni makali zaidi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara ikawa mita 30 kila upande, kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Ndipo zilipotoka zile X mbili mnazoziona kwenye nyumba za barabarani: nyekundu kwa aliyeifuata barabara ndani ya hifadhi, huyo halipwi, ya kijani kwa yule ambaye barabara ilimfuata yeye sheria ilipobadilika, huyo anastahili fidia. Kijana, ukiuziwa kiwanja "cha lami" kwa bei nzuri, usimwulize dalali. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya lami. Dalali akianza kukueleza kwamba barabara ile haitapanuliwa leo wala kesho, ondoka.

Hifadhi ile watu wanadhani ni ardhi ya serikali iliyokaa bure. Kwa Tabora ndiyo barabara yetu ya pili. Huu ni mji wa baiskeli. Angalieni asubuhi: magunia ya mkaa yamefungwa marefu kuliko anayeendesha, madumu ya maziwa, mama kampakia mtoto mbele na kapu la nyanya nyuma, mwanafunzi kamsimamisha mwenzake kwenye keria. Mtu mwenye gunia la mkaa hawezi kugeuza shingo kutazama nyuma. Anategemea kuwe na udongo pembeni wa kushukia honi ikilia. Pembeni hapo pakijaa fremu, mtaro wazi na vipande vya mabati vya mafundi, anabaki juu ya lami na lori. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni wenye miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Hao ndio sisi. Wenye magari ya vioo vya giza katika mkutano huu ni wangapi?

Kuna jambo la urasimishaji, na hapa nitasema kitu ambacho baadhi yenu hamtakipenda. Programu ya kitaifa ya kurasimisha makazi ilianza mwaka 2013. Wenye nyumba waliojijengea bila viwanja kupimwa walipata nafasi ya kupangwa, kupimwa na kupata hati bila kubomolewa. Jambo jema. Lakini kupanga kunataka barabara, na barabara inataka mita kutoka kwa watu, mita ambazo hazilipwi. Nimetembea na kamati za namna hiyo, vigingi na kamba mkononi. Mlango wa kwanza: barabara ni muhimu sana, mzee wangu, ila ipitishe kwa jirani. Kwa jirani: hapa hapana, hapa nategemea kuongeza chumba, kwa nini isipite kule kwenye migomba? Kwenye migomba anatoka bibi na fimbo. Kila mmoja anavutia kamba kwake, na kamba ikishavutwa hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni, barabara inayobaki ina mita tatu, inakunja kila baada ya nyumba mbili, na inaishia kwenye choo cha mtu.

Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita mbili na nusu. Pigeni wenyewe hesabu ya kilichobaki kila upande. Magari mawili yakikutana moja lazima lirudi nyuma, na anayerudi nyuma haoni watoto. Hatukuletewa hiyo na halmashauri. Tulijipimia. Na wale waliokubali kutoa mita mbili mbili wakapata njia pana ya kunyooka, waulizeni leo vyumba vyao wanapangisha bei gani ukilinganisha na wa kule kusikoingia gari.

Nisiwapotezee muda na maji na umeme, mtaalamu wake atakuja wiki nyingine. Niseme kidogo kuhusu reli. Reli ya kati imefika Tabora tangu 1912 na mji umezoea kuivuka popote panapovukika, watoto kwa wazee. Reli ya kisasa inayojengwa haiko hivyo: ina uzio, na inavukwa juu au chini, mahali palipowekwa kivuko. Maana yake kuna njia za miguu mlizozizoea zitakatika. Anayenunua kiwanja upande mmoja wa reli huku shule na soko viko upande wa pili aulize kwanza kivuko kiko wapi. Na kamati inayopitisha mchoro wa viwanja kando ya reli iulize swali hilohilo, maana msongamano wote wa eneo utabanwa upite kwenye tundu moja.

Sasa matuta. Tuta lililojengwa vizuri, lenye alama na rangi, mbele ya shule, linasaidia, sipingi. Lakini tazameni tuta la kwetu linavyofanya kazi. Lori linapunguza. Bajaji inapunguza. Bodaboda hapunguzi, anatafuta ule upenyo kati ya mwisho wa tuta na mtaro, anapita hapo kwa mwendo uleule. Na kwenye upenyo huo ndipo anapopita mwenye baiskeli na mtoto wa shule. Kwa hiyo tumewalinda na lori, tukawasogezea pikipiki. Lile la kujijengea wenyewe usiku kwa mawe na udongo ndilo baya kuliko yote: halina alama, halionekani, na la kwanza kulipanda saa nne usiku ni pikipiki ya kijana wa mtaa huohuo. Mnataka tuta, andikeni barua kwa mwenye barabara, mseme liwe wapi na kwa nini, na mwombe lifike hadi ukingo wa mtaro au pembeni pawekwe vigingi. Nyuma ya barua hiyo ulizeni pia, lango la shule liko upande gani? Nimeona shule zenye viwanja vya kutosha pande zote nne, na lango limefunguliwa upande wa lami kwa sababu bango linaonekana vizuri.

Mtaniuliza, sisi wa mtaani tunaingilia wapi? Mnaingilia mapema kuliko mnavyodhani. Ombi la kubadili matumizi ya kiwanja linatakiwa litangazwe ili majirani waseme. Mji huu ni wa vyuo, tuna chuo cha utumishi wa umma, tuna chuo cha reli, na wanafunzi wanahitaji pa kulala. Tuchukulie mtu ana kiwanja cha makazi kando ya barabara, anaomba kujenga hosteli ya ghorofa mbili. Majirani wanakuja juu. Barua ya kwanza inasema: tunapinga, huyu bwana si mwenyeji wa hapa, na wanafunzi wataleta uhuni. Barua hiyo haina kazi, na kwa maoni yangu haistahili kuwa nayo. Uenyeji wa mtu si hoja ya mipango miji, na uhuni una polisi wake. Kuna wanaoshtukia hilo wakabadilisha lugha, wanaandika "usalama barabarani" huku moyoni ni wivu wa jirani kupata wapangaji arobaini. Wataalamu wanaijua harufu hiyo, na siku mtakapokuwa na hoja ya kweli hawatawasikiliza.

Barua ya pili inasema hivi: kiwanja hiki kiko kwenye kona, mlango wa magari umechorwa upande wa barabara kubwa, hatua chache kutoka wanapovukia watoto wa shule, hakuna maegesho yaliyoonyeshwa kwenye mchoro, bodaboda zitakazosubiri wanafunzi zitakaa kwenye njia ya baiskeli, tunaomba mlango uhamishiwe nyuma, kona iachwe wazi, na sehemu ya bodaboda itengwe ndani ya kiwanja. Barua hiyo haimkatalii mtu hosteli yake. Inaipa kamati sharti tayari la kuandika. Mtaalamu akiipata anaifurahia, maana imemfanyia nusu ya kazi yake. Wekeni na picha, simu zote hizi mnazo: moja ya saa moja kasorobo asubuhi, moja ya jioni.

Iende na muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye majina na sahihi za waliohudhuria, ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ifike halmashauri. Nakala kwa mwenye barabara. Kama barabara ni kubwa, mheshimiwa diwani ahakikishe jambo linafika hadi kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti na wakala wote wawili wanakaa meza moja. Hapo danadana inakosa mahali pa kupigwa. Na siku Baraza la Madiwani linapokaa, nendeni. Kikao cha baraza kiko wazi kwa wananchi. Hamtaruhusiwa kusema, mtakaa kimya kwenye viti vya nyuma, na joto lile mnalijua. Lakini diwani akiona watu ishirini wa kata yake wamekaa pale wanaandika kwenye madaftari, hoja yake siku hiyo husimama imara zaidi. Unacheka, mheshimiwa, kwa sababu unajua ni kweli.

Mwenyekiti, mimi nilikuwa nimepanga tuishie kwenye kazi. Pendekezo langu ni kwamba katika mkutano huu tuchague watu watano, wawili wawe kina mama na mmoja awe bodaboda, maana huyo anazijua kona zote kwa makovu. Wapite mtaa mzima Jumamosi ijayo, waandike kila kona iliyozibwa, kila geti linalofungukia barabarani, kila kiwanja kitupu cha kona ambacho bado hakijajengwa. Hivyo vitupu viandikwe kwanza, na majina ya wenyewe, kwa sababu huko bado maneno yanatosha na hakuna ukuta wa kuvunja. Orodha ikiwa tayari niiteni, nitakuja kusaidia kuandika barua, sidai nauli.

Maswali sasa. Nianze na yule mzee mwenye kofia pale nyuma. Amenyoosha mkono tangu nilipotaja fremu za kona, na naona fremu yenyewe ni ile yake ya pale nje.